Wanawake Waliomzaa Tupokigwe

Mwalimu mkuu hakutaka kulisema jambo lile kwenye simu. "Njoo tu, mama Tupo," alisema. "Mtoto mzima, haumwi. Lakini njoo."

Subilaga akavua aproni, akamwachia mwenzake zamu ya makaushio ya chai, akapanda kilima kwa miguu hadi Shule ya Lusungo. Ilikuwa saa nane mchana. Ukungu wa Tukuyu ulikuwa umeshuka hata mashine za kuchuma majani zilisikika zikinguruma mashambani bila kuonekana. Mwalimu mkuu, Mwambola, alimpokea getini, akamwonyesha kwa kidevu kando ya uzio wa seng'enge.

Wanawake saba walisimama pale. Kila mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na kila mmoja amejitenga na mwenzake, kama watu wasiojuana waliokutana kwenye foleni. Hawakuzungumza. Walitazama uwanjani, ambako watoto wa darasa la pili walikuwa wakiruka kamba.

"Ni ndugu zako hawa?" mwalimu aliuliza.

"Simjui hata mmoja."

"Leo ni siku ya tisa. Nikiwauliza shida yao wanasalimia vizuri kabisa, wanasema wanapita tu. Sasa subiri. Siwezi kukueleza, mpaka uone mwenyewe."

Wakasubiri. Mtoto mmoja wa kiume alijikwaa, akaangua kilio. Hakuna aliyegeuza shingo. Mgongoni kwa mwanamke wa tatu kichanga kililia mpaka sauti ikakwaruza. Mama yake hakukitikisa wala hakukibembeleza, alitazama tu mbele. Kisha kamba ikamchapa Tupokigwe kwenye kifundo, naye akatoa kilio chake kile cha kupanda na kukatika katikati, kilio ambacho Subilaga angekitambua hata kaburini.

Vichwa saba viliinuka kwa pamoja. Mikono saba ikaenda kifuani. Na Subilaga akaona, kwa macho yake, madoa ya maziwa yakitanda kwenye blauzi zao, moja baada ya jingine, kama mtu apitaye akiwasha taa.

Mmoja wao, msichana mdogo mwenye kitenge cha bluu, alishika seng'enge kwa kiganja wazi akataka kupanda. Miiba ikamwingia. Hakuonekana kuihisi.

"Tupo!" Subilaga alipaza sauti. "Nyamaza mwanangu, mama nipo!"

Wale saba wakageuka kumtazama. Yule wa kitenge cha bluu akainua mkono wake wenye damu, akajigusa midomo, kama anayetaka kuhakikisha si yeye aliyesema.

Hapo Subilaga akaelewa: kila mmoja wao alimsikia Tupo kama mtoto aliyemzaa mwenyewe. Akashika nguzo ya geti.

*

Miaka minane nyuma, Subilaga alikuwa na miaka ishirini na sita, na mwanamume aliyempa mimba alikuwa amekwenda machimboni Chunya na kubadili namba ya simu. Aliingia leba peke yake, na kanga mbili kwenye mfuko wa plastiki. Mkunga aliyempokea aliitwa Sista Bupe, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Sista Bupe alibisha hodi mlangoni kila alipoingia, japokuwa mlango ulikuwa wa wodi na si wa mtu. "Nakugusa tumbo sasa, upande wa kulia," alisema. "Mkono wangu ni baridi, unisamehe. Ukisema acha, nitaacha."

Watafiti walikuwa wamewaomba wazazi wa wiki ile wavae utepe mwembamba kwenye paji la uso, wenye kunakili kile mwili unachokisikia. Subilaga alikubali kama mtu anavyokubali kupimwa uzito. Baada ya mtoto kuzaliwa hakuufikiria tena. Mwaka jana Sista Bupe alipofariki, walikuja mazishini wanawake wengi ambao hata ukoo haukuwajua, wakalia kama waliofiwa na mama mzazi. Subilaga alidhani ni wale aliowazalisha.

"Hawakuzalishwa na yeye," alisema Daktari Kaijage. "Yaani, si kwa njia ya kawaida."

Walikuwa wameketi ofisini kwake katika Kituo cha Stara, ambako kumbukumbu za tepe zile zilihifadhiwa; Subilaga alikuwa amekwenda kuuliza. Kaijage alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kupanga na kupangua kalamu mezani akiongea.

"Uzazi uliomuumiza mama hauishi siku ile," alieleza. "Unabaki mwilini. Mama anamshika mtoto, mikono inakumbuka meza ya chuma. Anataka kunyonyesha, mwili unakumbuka mtu aliyemfokea akiwa uchi. Anaanza kujiona hafai. Na mama anayejiona hafai, mama Tupokigwe, humwogopa mtoto wake mwenyewe. Sisi hatufuti kitu. Tunamsitiri. Tunachukua uzazi wa mwanamke aliyesikilizwa, tunautandika juu ya ule wake, kama shuka."

"Uzazi wangu."

"Tulijaribu kumi na tisa. Wako ndio uliokubali kukaa, kwa wanawake mia mbili na kumi na wawili."

"Na sura yangu? Jina langu?"

"Tuliviondoa. Kuta, majina, nyuso, vyote vimetiwa ukungu; sauti ya mkunga tu ndiyo iliyobaki, nayo ndiyo iliyowafikisha mazishini. Kwanza wewe mwenyewe hukuuona uso wako siku ile. Sauti yako wanaisikia kama yao." Alipangua kalamu zake. "Kilio cha mtoto tulikiondoa pia, mwanzoni. Wanawake wanne wa kwanza waliamka wakituuliza tumemzika wapi. Ikabidi tukirudishe."

Subilaga aliitazama mikono yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga. Hawakuwaza kwamba siku moja wazazi wangekuwa mia mbili na kumi na wawili, wa uchungu mmoja na mwana mmoja.

"Wote wanamsikia Tupo?"

"Wengi wanasikia wa kwao vizuri tu. Kile kilio kinawapa moyo, wanaendelea na maisha. Lakini wachache..." Kalamu zilipangwa upya. "Wachache wamekuwa na uhakika mno. Kujiamini kumekuja, ila kumemkosa mtoto aliye mapajani, kumemwendea yule wa kwenye kumbukumbu. Nimewaomba waje tuwafunue. Wanakataa, na sheria hainiruhusu kumfunua anayekataa. Wanasema hawajawahi kuwa na amani kama hii."

Alifungua droo akatoa karatasi moja.

"Mwenye amri ni wewe. Sheria inampa mtoa kumbukumbu haki ya kutengua. Ukiweka sahihi hapa, wote wanaitwa ndani ya siku saba na kufunuliwa. Wote. Hakuna kuchagua."

"Halafu watakuwaje?"

"Watarudi kwenye siku zao. Kabla ya kusitiriwa, thelathini na moja walikuwa hawawezi kuwagusa watoto wao. Wawili hatukuwawahi." Hakueleza ni nini kilichowapata, na Subilaga hakuuliza.

Aliichukua karatasi. Mlangoni akageuka. "Kati ya hao wachache kuna msichana mdogo kuliko wote, wa kitenge cha bluu. Yeye alijifungua vipi?"

Kaijage alitafuta kwenye kioo cha meza. "Ikupa Mwaisaka. Faili linasema uzazi mgumu."

"Basi?"

"Basi. Mashine haihitaji kujua kilichopo chini, mama. Inafunika tu. Na nakuomba, usiwaulize. Lile shuka ni jepesi. Swali linaweza kulitoboa."

*

Siku mbili Subilaga alitembea na karatasi ile kwenye mkoba. Ya tatu, Alhamisi, Tupokigwe hakurudi kutoka shule. Subilaga alikuwa tayari mlangoni, viatu mkononi, bangili yake ya simu ilipolia.

"Mama," Tupo alinong'ona. "Niko kwa yule mama wa kwenye uzio. Amenipa uji. Hajanifanya kitu. Lakini njoo, kuna mtoto huku analia na yeye hamsikii."

Nyumba aliyoelekezwa na bangili ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nyuma ya soko la ndizi. Mlango ulikuwa wazi. Tupokigwe alikaa kwenye mkeka na bakuli mapajani, na yule msichana wa kitenge cha bluu alikuwa amepiga magoti nyuma yake akimchana nywele taratibu. Kitandani, hatua tatu kutoka hapo, kichanga cha miezi mitatu kililia, uso umekunjamana, ngumi hewani.

"Shikamoo, dada," alisema Ikupa. Alikuwa na miaka kama ishirini na mbili. Kiganja chake kilifungwa kitambaa. "Karibu ukae. Nilikuwa nakuja kumrudisha, nilitaka tu ashibe kwanza. Huwa hali vizuri akiwa na usingizi, si unajua."

Subilaga alijua. Hakuna mtu mwingine aliyepaswa kujua.

"Tupo, njoo huku nyuma yangu." Mtoto akaja. "Ikupa, huyu mtoto kitandani ni wa nani?"

"Gwamaka? Wa kwangu, hospitali wanasema." Alitabasamu kwa adabu. "Namnyonyesha saa zikifika. Nimeandika pale."

Ukutani, kwa chaki, zilipangwa saa za siku nzima: saa kumi na mbili, saa tatu, saa sita. Kila moja imekatwa mstari. Hakuna hata moja iliyorukwa.

"Analia, Ikupa."

"Analia?" Aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa makini kama mtu anayeambiwa kuna gari linakuja mbali. "Sawa. Kama unasema."

Subilaga akamnyanyua Gwamaka mwenyewe; alikuwa mzito, mwenye afya, amelowa. Akanyamaza kwa kwikwi.

"Usiniogope, dada," alisema Ikupa. "Zamani ndiyo ungeniogopa. Nilipotoka hospitali mikono ilikuwa inakufa ganzi kila nikimshika huyo. Nilikuwa namweka chini nakwenda kukaa nje kwenye mvua. Sasa sina hofu hata chembe. Najua kuzaa. Nakumbuka nilivyozaa. Nilimwambia sista, 'Huyu nikimzaa nitamwacha kwenye shuka nitoroke.' Unajua alinijibu nini? Hakunifokea. Alisema, 'Ukitaka kwenda, mlango hauna kufuli. Tuzae kwanza, halafu tuone miguu itasemaje.'"

Maneno yale Subilaga hakuwahi kumwambia mtu mwingine. Si mama yake, si padri. Na Tupokigwe alikuwa nyuma yake, kaishika sketi yake, anasikiliza.

Hasira ilimpanda. Karatasi ilikuwa mkobani na kalamu ilikuwepo. Angemchukua mwanawe, angeweka sahihi hapohapo ukutani juu ya zile saa za chaki, na kila mwanamke angerudishiwa mzigo wake. Alifungua mkoba kabisa. Ikupa, kwa kumwona mgeni amebeba mtoto na mkoba kwa pamoja, akainuka ili amsaidie. Akainuka kama bibi kizee: mkono mmoja mezani, mwingine ukikandamiza chini ya kitovu, meno yameumana.

Subilaga akaufunga mkoba.

"Unaumwa hapo?"

"Wapi?" Ikupa aliutazama mkono wake. "Aa, hapa. Pananivuta nikisimama."

"Pana nini?"

Ikupa alilegeza kidogo fundo la kitenge kiunoni, akachungulia. Kovu lilikatisha tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, bado zambarau. Alilitazama muda mrefu, bila haya na bila kulitambua, kama mtu aliyekuta barua ya jirani mlangoni kwake.

"Mimi sikupasuliwa," Subilaga alisema polepole. "Niliyemwambia Sista Bupe maneno yale ni mimi. Mtoto wangu alipita njia ya kawaida, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Wewe ulipasuliwa, Ikupa. Hilo ni lako."

Ikupa aliligusa kovu. "Nilikuwa peke yangu?"

"Sijui. Naona hakuna aliyekuuliza. Mimi nakuuliza."

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka kizingitini. Kisha Ikupa akaanza kutetemeka, kwanza vidole, halafu mabega, na akasema kwa sauti ambayo Subilaga hakuwa ameisikia bado, sauti nyembamba na ya kitoto, sauti yake mwenyewe: "Kuna taa kubwa. Dada, kuna taa kubwa na sitaki kuiangalia."

"Usiiangalie kama hutaki."

"Nikienda kufunuliwa, utakuja?"

"Nitakuja."

Njiani kurudi nyumbani, walipofika mtaroni, Tupokigwe aliuliza, "Ulitaka kuniacha kwenye shuka?"

Subilaga akachuchumaa hata macho yao yakawa sawa. "Nilitaka. Niliogopa sana, na sikuwa na mtu. Halafu akaja mtu."

Mtoto alifikiri. "Miguu ilisemaje?"

"Ilikataa kuondoka."

*

Ijumaa asubuhi walimlaza Ikupa kwenye chumba kidogo cha Kituo cha Stara. Gwamaka alilala kwenye kikapu kando. Daktari Kaijage alisimama kwenye mitambo, uso umemkauka. Kwa miaka mitano alikuwa amefunika wanawake, alikuwa hajawahi kufunua.

Subilaga alivuta kiti karibu. Hakuwa mkunga. Alichokijua ni kile alichofanyiwa.

"Daktari anakufunga utepe sasa," alisema. "Utasikia baridi kwenye paji la uso. Halafu atazungusha kitufe kidogo kidogo. Mimi niko upande wako wa kushoto na mkono wangu ndio huu. Ukisema acha, tutaacha."

"Endelea," alisema Ikupa.

Dakika ya kwanza hakutokea kitu. Ya pili, mgongo wake ukajikunja kama upinde.

"Wanazungumza mpira!" alipiga kelele. "Wananikata wanazungumza mpira! Nimewaambia bado nasikia, nimewaambia, mmoja anasema ninadeka! Hawaniangalii! Mama yangu, hawaniangalii!"

"Mimi nakuangalia."

"Nasikia kila kitu!"

"Najua. Ganzi haikushika. Hukudeka, ulisema kweli. Niambie tena, nakusikia."

Akamwambia tena. Akamwambia mara nne, mara sita, kila mara maneno yakipungua kasi na kuongezeka habari: rangi ya kofia zao, jina la timu, bomba lililokuwa likidondosha maji, usingizi wa dawa uliokuja umechelewa. Kaijage aliacha kutazama mitambo. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kalamu zake zimemwagika.

"Nilipoamka hakukuwa na mtu," Ikupa alisema mwishoni, sauti imekauka. "Kulikuwa na mtoto kwenye kisanduku cha plastiki. Mtu akapita akasema, huyo wako. Sikumsikia akilia, dada. Alizaliwa nimelala. Sijui alilia vipi."

Ndani ya kikapu Gwamaka akaamka. Kilio chake hakikupanda wala kukatika. Kilikuwa kizito, cha kunung'unika, kama mzee anayelalamikia chumvi.

Ikupa akageuza kichwa.

Subilaga alibana mikono yake katikati ya magoti ili isimnyanyue mtoto. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote ya asubuhi ile.

"Nitamwangusha," alisema Ikupa. Mikono yake ilikuwa ikifa ganzi vilevile kama zamani. Amani yote ilikuwa imemtoka usoni. Alionekana mchovu, mdogo, mwenye hofu. "Mimi siwezi. Uliyeweza ni wewe."

"Inawezekana utatetemeka. Mikono yangu itakuwa chini ya yako. Sitamshika mpaka uniambie."

Ikupa akamnyanyua vibaya, kichwa kikining'inia, akakirekebisha, akamweka kifuani. Mtoto akakosa chuchu mara mbili, akakasirika, akaipata. Ikupa hakutabasamu. Alimkodolea macho kama anayesoma maandishi madogo.

"Ana kelele," alinong'ona.

Kaijage aliinuka, akamfuata Subilaga hadi mlangoni. "Karatasi umeamuaje?"

"Sitatengua."

Kaijage akaanza kumshukuru.

"Na sitanyamaza," Subilaga aliongeza. "Nitawauliza. Mmoja mmoja, mara moja tu. Atakayesema acha, nitaacha. Atakayetaka kufunuliwa, hatafunuliwa peke yake. Wewe utajifunza kukaa kwenye kile kiti."

"Ni mia mbili na kumi na mmoja, mama Tupokigwe. Utaweza?"

Subilaga hakujua. Akafungua mlango.

Ilikuwa siku ya kliniki. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake na watoto wao, na hakuna aliyekuwa amekaa. Wote walikuwa wamesimama wakiukabili mlango ule, kimya, watoto mikononi, vichwa vimeinama upande mmoja kwa pembe moja. Walikuwa wameisikia sauti yake kupitia ubao wa mlango asubuhi nzima; kila mmoja alikuwa ameisikia ikitoka kinywani mwake mwenyewe. Blauzi zao zilikuwa zimelowa.

Subilaga alitamani kurudi ndani. Badala yake akaenda hadi benchi ya kwanza, akaketi.

"Dada," alimwambia mwanamke aliyekuwa karibu, mwenye miwani. "Ulijifungua vipi?"

"Mvua ilikuwa inanyesha," mwanamke alianza, kwa tabasamu la Subilaga mwenyewe. "Sista alibisha hodi..."

"Hapana, hiyo ni yangu. Wewe."

Tabasamu likabaki mdomoni, lakini likazimika machoni. "Acha," alisema. "Tafadhali, acha."

"Nimeacha."

Mwanamke akamgeuzia mgongo, akaanza kumbembeleza mtoto wake kwa wimbo wa chini. Mtoto alimtazama akacheka. Huyu alikuwa anapendwa, mtu angeona. Subilaga akamwacha na shuka lake.

Aliyefuata alikuwa mrefu, na kichanga chake kilikuwa kinalia mgongoni bila kusikiwa. Alikwisha kulisikia swali. Alikaa taratibu kando ya Subilaga, akakandamiza kiganja kwenye ubao wa benchi, kisha akakipeleka chini, akagusa saruji baridi.

"Hapa," alisema. "Nilijifungulia sakafuni."

Na mkono wake mwingine, polepole, ukaanza kufungua fundo la mbeleko.